Jiko la Kirumi Lisilojua Viazi

Itangazwe kwa mataifa yote, kwa wafalme na raia, kwa wasomi na wasiojali, kwamba Milki ya Roma haikuanguka kamwe. Waliosema imeanguka walikuwa na haraka ya kumaliza kitabu. Milki ipo. Imesimama imara katika kijiji cha Lindervelt, ina askari mmoja, na asubuhi hii askari huyo anamenya vitunguu huku machozi yakimtoka na kamasi akizivuta ndani.

Ni saa moja asubuhi, Jumapili. Godelieve Smeyers, ambaye kijiji kizima humwita Lieve, amesimama mbele ya meza ya mbao katika jiko la Makumbusho ya Jumba la Kirumi. Ana miaka hamsini na minane, aproni ya kitani na viatu vya mpira vya bustanini. Mbele yake kuna kinu cha jiwe na mchi wake. Juu ya makaa kuna vyungu vitatu vya udongo. Jokofu limefichwa nyuma ya pazia, kama mgoni.

"Hilo pazia usiliguse," anasema. "Kila nyumba ina siri yake. Hata Kaisari alikuwa nazo."

Nje ya dirisha, magofu yenyewe yamelala ndani ya ukungu: kuta za hamamu zinazomfika mtu magotini, ghala la nafaka, chumba ambacho sakafu yake ilipashwa moto kwa chini, na njia ya mbao inayowapitisha wageni juu ya yote hayo. Ng'ombe wa jirani wanachungulia kwenye uzio. Wamekuwa wakichungulia tangu wachimbaji walipoanza kufukua, na mpaka leo hawajatoa maoni.

Leo jiko hili litaishi au litakufa. Bodi ya makumbusho ilimpa Lieve misimu mitatu ya majaribio na sharti moja: kabla ya msimu wa tatu kwisha, meza zote ziwe zimejaa, walau mara moja, kwenye chakula cha mchana cha Jumapili. Hazijawahi kujaa. Na msimu unakwisha leo jioni. Meza zisipojaa, jiko litafungwa, na mahali pake itawekwa mashine ya kuuza kahawa na biskuti.

"Mashine," anasema Lieve, na kisu kinashuka juu ya kitunguu kama hukumu ya mahakama. "Mashine imewahi kumwuliza nani kama ameshiba?"

Sheria ya jiko lake ni moja, na katika nchi ya Ubelgiji ni sheria ya kumtia mtu mashakani: kisichokuwapo zama za Warumi hakiingii. Nyanya, hapana. Mahindi, hapana. Sukari, pilipili hoho na chokoleti, hapana. Kahawa inauzwa nje barazani, na mtu mwingine, "ili nisiione". Viazi navyo, hapana. Na pasipo viazi, hapana chipsi.

Wasomaji watulie, wakae chini, wapate maji. Ndiyo. Hapana chipsi. Tena Lindervelt, kijiji ambacho watu hula chipsi baada ya ubatizo, baada ya harusi, baada ya mpira, na baada ya mazishi wanakula nyingi zaidi kwa sababu marehemu hagawiwi.

"Wageni wanasoma orodha ya vyakula mpaka chini, halafu wanageuza karatasi," anasema Lieve. "Nyuma hakuna kitu. Basi wananitazama kama nimewafichia mtoto."

Juzi aliingia mzee mmoja na mkongojo wake, akaketi, akapiga meza kidogo kwa kidole.

"Mama, chipsi zitachukua muda gani?"

"Miaka elfu moja na mia nne, baba. Viazi bado viko njiani."

Mzee alitafakari. "Basi niletee bia nisubirie."

Anachouza Lieve ni sahani moja tu, euro kumi na nne: dengu zilizopikwa na siki na asali, nyama ya nguruwe iliyoiva pamoja na plamu kavu, kabichi yenye jira, mkate wa duara uliookwa kwenye jivu, na tende zilizojazwa lozi na kunyunyiziwa pilipili manga. Uma hakuna, maana Warumi hawakuwa nazo mezani. Mgeni hupewa kijiko, bakuli la kunawia, na ruhusa ya kutumia vidole vyake mwenyewe.

Wapo watu wengi duniani ambao jambo hilo halitawakosesha usingizi. Lakini huko Lindervelt lilizua mjadala. Mwanzoni mabibi wa kanisani waliitazama mikono yao kama watu waliotambulishwa kwa mgeni. "Sasa wananawa, wanakula, wanalamba vidole," anasema Lieve. "Wanadhani siwaoni. Nawaona. Nafurahi."

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu alikulia ndani ya mvuke wa chipsi. Mama yake alikuwa na kibanda cha chipsi mbele ya lango, ng'ambo ya barabara, tangu makumbusho yenyewe yakiwa bado shamba la viazisukari na hakuna aliyejua kuna Mroma chini. Mama alipofariki, kibanda kiliwabakia mabinti wawili: Rozette, mkubwa, na Lieve, mdogo. Lieve alisimama mle kwa miaka ishirini na miwili.

"Nywele zangu zilinuka chipsi hata siku ya harusi," anasema. "Mume wangu anasema ndiyo sababu alikubali."

Kibanda hakikuwa na choo. Hapa wasomaji waheshimiwa wanaombwa kuvua kofia, kwa maana historia za mataifa makubwa huanza na vita, lakini historia ya jiko hili ilianza na haja ndogo. Kila siku Lieve alivuka barabara, akamsalimu mkata tiketi, akapita chumba cha tatu cha makumbusho, akaenda zake chooni. Miaka ilipita hivyo, macho mbele.

"Mtu aliyebanwa haangalii vigae," anasema.

Mchana mmoja wa baridi, wateja wakiwa hakuna, alirudi polepole. Akasimama mbele ya kabati la kioo katika chumba kile cha tatu. Ndani kulikuwa na chungu kidogo, cheusi chini. Maelezo yalisema kilikutwa katika shimo la taka nyuma ya jiko la jumba, kikiwa kizima, na ndani yake dengu zilizoungua zikagandamana.

"Nikasema, we! Huyu dada ameunguza chakula cha tajiri wake." Lieve anaacha kisu kabisa ili asimulie kwa mikono miwili. "Ameunguza, amesikia hatua zinakuja, ametupa shimoni chungu na vilivyomo. Chungu kizima! Nani anatupa chungu kizima kama si mwenye hofu? Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba nimeacha mafuta motoni."

Rozette ndiye aliyemfuata. Alimkuta mdogo wake bado amekodolea kioo.

"Nilidhani umekufia chooni."

"Dada, tazama. Aliunguza."

"Na sisi tutaungua, na kibanda chetu, usiporudi sasa hivi!"

Lieve alirudi, lakini hakurudi mzima. Alianza kumwuliza mhifadhi wa makumbusho, Koenraad Brepoels, watu wale walikula nini, na saa ngapi, na nani alipika. Koenraad alimwazima vitabu. Lieve alipika nyumbani kila jioni, na mume wake alionja kila kitu kwa uaminifu mkubwa, akiwa na kipande cha mkate wa akiba mfukoni. Chumba kando ya mlango wa tiketi kilipobaki kitupu, Lieve alikiomba. Akaacha kibanda.

Mshahara wake sasa ni euro elfu moja na mia sita kwa mwezi. Kibandani, miezi ya jua, alikuwa akipata karibu mara mbili. Halalamiki, ila viatu vya mpira anavyovaa kazini ni vya mume wake.

Rozette alinuna, akaacha kusema naye kwa muda mrefu. Kisha akaanza tena kusema, na hapo ndipo Lieve alipoutamani ule ununaji. Rozette ana miaka sitini na mitatu na sauti inayovuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia.

"Lieve! Warumi wako wameamka?"

"Wanaoga!"

"Wakimaliza waambie waje huku wale chakula!"

Wateja wa chipsi hucheka. Lieve hutoka mlangoni na mwiko wake.

"Umeyaacha mafuta ya mama yetu," Rozette humwambia, "kwa ajili ya dengu za marehemu."

"Marehemu hawaniombi mayonezi ya bure, dada."

Msimu wa kwanza ulikuwa na mkasa wake. Lieve aliamua kutengeneza mchuzi wa samaki kama walivyoutengeneza wenyewe: samaki wadogo, chumvi, mtungi mkubwa, jua, subira. Aliuweka mtungi nyuma ya hamamu. Wiki ya tano jirani mmoja aliwapigia simu zimamoto, akisema bomba la gesi limepasuka. Yalikuja magari mawili na ving'ora.

"Mkubwa wao aliinama juu ya mtungi," Lieve anakumbuka. "Akainuka polepole. Akaniambia, 'Mama, gesi ingekuwa afadhali.'"

Mchuzi huo ungalipo. Matone machache huingia kwenye kila chungu cha dengu. Wageni waliosikia habari ya zimamoto huomba wasiwekewe. Wasioisikia huomba waongezewe.

Kuhusu yote haya, mhifadhi Koenraad ana uso wa mtu aliyekalishwa baina ya mashemeji wawili. "Mimi nampenda Lieve," anasema. "Bodi inapenda meza zilizojaa. Niko katikati kama jibini kwenye mkate."

Kwa leo lipo tumaini moja, nalo lina matarumbeta. Kila Jumapili ya mwisho wa msimu, bendi ya kijiji huja kutembelea magofu bila kiingilio, kama shukrani kwa kupiga kwao siku ya ufunguzi. Wao ni zaidi ya arobaini, na viti vya Lieve ni arobaini. Hesabu ingekuwa tamu, lakini bendi ina mila yake, iliyo na umri mkubwa kuliko wanabendi wenyewe: wakishaona magofu, huvuka barabara wakiwa na sare zao na kula chipsi za kina Smeyers. Mila hiyo Lieve anaijua vizuri. Miaka ishirini na miwili aliyewakaangia ni yeye.

Saa tano bendi inawasili. Kiongozi wao ni Achiel Gielen, mpiga tuba, mtu mpana mwenye sauti ndogo. Anamkuta Lieve mlangoni.

"Lieve, nakupenda kama dada yangu wa kuzaliwa. Lakini hawa watu wamebeba vyuma tangu asubuhi. Watataka chipsi."

"Nimepika cha kuwatosha wote."

"Nani kakuambia upike?"

"Hakuna. Nilitumaini."

Achiel anavitazama viatu vyake. "Ungetumaini nusu chungu," anasema kwa upole, na kuifuata bendi yake.

Koenraad anawaongoza juu ya njia ya mbao. Kwenye hamamu anawaonyesha nguzo fupi za matofali zilizobeba sakafu, na pale moto ulipopita. Mwanamke mmoja mpiga klarineti anainua mkono.

"Moto aliuwasha nani?"

"Watumwa."

"Na wao walioga wapi?"

Koenraad anakiri kwamba mpaka leo hajui.

"Basi walinuka kama sisi tukitoka kwenye maandamano," anasema klarineti, na safu ya nyuma inamwambia ajisemee mwenyewe. Kwenye choo cha Kirumi, chenye matundu yaliyopangwa bega kwa bega, wapiga tromboni wanaketi kwa heshima, mmoja kila tundu, na kuomba picha ya pamoja. Koenraad anawapiga. Huwapiga kila mwaka.

Jikoni, Lieve anazisikia hatua juu ya mbao. Kwa mlio tu anajua wako wapi: sasa hamamu, sasa ghala, sasa wamerudi ndani, chumba cha kwanza, cha pili. Kwenye chumba cha tatu wanasimama kidogo. Anajua wanatazama nini. Anafuta meza ambayo tayari ni safi.

Pembeni ameketi mgeni mmoja tu, Bi. Hortense Vandebeek, mwenyekiti wa bodi, aliyekuja kujionea kwa macho yake. Anakula dengu kimya, mgongo umenyooka, kama mtu anayesahihisha mtihani.

Saa saba kasoro, mvua inaanza. Bendi inatoka kwa kupita mlangoni pa Lieve. Harufu ya jira na asali inawapiga. Pua kadhaa zinageuka. Mguu mmoja unasita. Lakini Achiel yuko mbele, na tuba ikishaondoka hairudi nyuma kirahisi.

"Samahani, Lieve."

"Nendeni, msiloe."

Mlango unafungwa. Lieve anabaki na viti vyake, bakuli zake za kunawia zenye maji ya uvuguvugu, na mikate iliyofunikwa vitambaa. Anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Bi. Hortense anageuza macho dirishani, kwa adabu, kama mtu anavyogeuka mwenzake anapobadilisha nguo.

Kisha mlango unafunguka kwa kishindo, na Achiel anaingia akivuja maji kila mahali, kofia ya sare imemwangukia puani.

"Rozette amefunga!"

"Amefunga nini?"

"Kibanda! Ameshusha ubao. Ameandika kwenye boksi: MAFUTA YAMEGOMA, SAMAHANI."

"Dada yangu hafungi Jumapili," anasema Lieve. "Mama tulimzika mchana, jioni akafungua."

"Mimi nakuambia nilichosoma. Tumegonga, tumeita, wapi! Watu wangu watakufa. Kile chungu bado unakitumaini?"

Lieve anafunua chungu. Amekwisha kushika mwiko.

Wanaingia wote, na mvua yao. Viti vinakwisha, kwa kuwa tuba imekalia kimoja na hakuna mwenye ujasiri wa kuiinua. Koenraad anakimbilia ukumbi wa mihadhara na kurudi na mabenchi. Mabakuli yanapita, mikono inanawa. Halafu panakuwa na ukimya ule wa watu wenye njaa waliopewa kitu wasichokijua.

"Uma ziko wapi?" ananong'ona Achiel.

"Una mdomo wa kujaza tuba," klarineti anamjibu, "huna mkono wa kushika mkate?"

Achiel anamega. Anachovya. Anatafuna, macho juu, kama anayesikiliza noti ya mbali. Meza nzima inamtazama.

"Hii chumvichumvi humu ndani ni nini?"

"Kula kwanza," anasema Lieve.

Anakula kwanza. Kisha mpiga ngoma kubwa anasukuma sahani yake mbele na kusema iko kwenye mteremko, kila kitu kimeporomoka, aongezewe. Kisha safu yote ya tromboni inagundua mteremko huohuo. Wapo wasioipenda kabichi na wanasema hivyo kwa sauti. Wapo wawili wanaogombea chini ya chungu, pale dengu zilipogandia. Tende zinapopita, mazungumzo yanakoma tena, na safari hii ukimya ni wa aina nyingine.

Bi. Hortense anafuta vidole vyake kimoja kimoja. Anainuka, anamfuata Lieve kwenye makaa, na kusema bila mbwembwe, "Sharti lilikuwa meza zijae. Zimejaa. Jiko linabaki."

Lieve anasema asante. Anasema tena asante. Halafu anaketi juu ya gunia la unga, na bendi, ambayo haielewi kinachoendelea ila imeshiba, inampigia makofi.

Simulizi hii ingependa kuishia hapo, kwa heshima zote, makofi yakirindima na mvua ikinyesha taratibu juu ya urithi wa mababu. Haiwezi.

Haiwezi kwa sababu baada ya makofi, bendi ilipokwisha kuaga, Lieve alibeba beseni la maji machafu, akaenda kuyamwaga nyuma ya hamamu. Na nyuma ya hamamu, chini ya paa la bati linalokinga ile sakafu ya moto, alikuwapo mwandishi wa makala haya, amechuchumaa, mkononi ameshika koni ya karatasi.

"Nini hicho?"

"Utafiti," anajibu mwandishi, kinywa kimejaa.

Lieve anaweka beseni chini. Ananyoosha vidole viwili, anachukua kipande kimoja, anakitia mdomoni. Anakipuliza kwa ndani. Uso unambadilika.

"Ina moto."

Mwandishi anaitazama mvua.

"Mafuta ya Rozette yamegoma," anasema Lieve polepole, "na chipsi ina moto. Nieleze, mwanangu. Na usijisumbue kunidanganya. Nimelea wavulana watatu."

Mwandishi alishikilia siri hiyo kwa muda wote ambao mtu anaweza kushikilia pumzi, kisha akasema. Kwamba bendi ilipokuwa ikipiga makofi, yeye alifuata pua yake mpaka nyuma ya kibanda. Kwamba aligonga mlango mdogo. Kwamba ndani, taa zimezimwa, mafuta yalikuwa yanachemka bila mgomo wowote, na Rozette Smeyers alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi akila chipsi peke yake gizani. Kwamba alimpa koni hii na onyo: "Ukifungua mdomo, nitakukaanga mara mbili."

Lieve anakaa juu ya ukuta wa Kirumi, chini ya kibao kinachokataza watu kukaa juu ya ukuta wa Kirumi.

"Kumbe hawakuja kwangu," anasema. "Walikosa pa kwenda."

Kisha anainuka, anavuka barabara kwenye mvua na viatu vya mume wake, na kuupiga ubao wa kibanda kwa kiganja.

"Fungua. Najua umo."

Ndani, gunia la viazi linasogezwa. Halafu sauti, nyembamba kuliko kawaida yake: "Tumefunga. Mafuta yamegoma."

"Nimekula moja, dada. Haikugoma."

"Yule mtoto wa gazeti! Nilijua. Mwembamba vile, siri angeiweka wapi?"

"Umepoteza Jumapili nzima, Rozette."

"Jumapili ziko nyingi. Mdogo wangu ninaye mmoja."

Lieve anaegemea ubao. Maji yanamtiririka shingoni. "Lakini umewafungia mlango. Hawakunichagua mimi."

"Mlango nimewafungia mara moja," inasema sauti, na sasa inarudia ukubwa wake. "Na ile sahani ya pili aliyonihadithia huyo mtoto, niliwafungia nini? Nimechungulia kwenye tundu. Achiel ameingia kwako analia njaa, ametoka amefungua vifungo viwili vya sare. Hiyo nayo nimefanya mimi?"

Lieve anajifuta maji usoni.

"Misimu mitatu hujaja kula kwangu," anasema hatimaye.

"Hujaniita."

"Mtu anaitwa kwa mdogo wake?"

Ubao unainuka kidogo, kiasi cha kuonyesha kidevu. "Basi nakuja. Ila usinitilie ule uozo wa samaki."

"Umo tayari."

Kidevu kinawaza. "Basi nitakula hivyo hivyo."

Rozette akala, kwenye kiti kilichokuwa cha tuba, na akasema dengu zimepungukiwa mayonezi. Alipoulizwa kama angependa zaidi, alisema hapana, akaongezewa, akamaliza.

Kabla Bi. Hortense hajaondoka, Lieve alimweleza habari yote ya mafuta na mgomo wake. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, tende shavuni. Alisema sharti lilihusu meza. Kuhusu vibanda vya jirani halikusema neno. Msimu ujao ni wa Lieve.

"Lakini sitaki kushinda kwa mvua," anasema Lieve, akikusanya mabakuli. "Msimu ujao nataka Jumapili moja, moja tu. Jua linawaka, kibanda cha dada yangu kiko wazi, mafuta yanachemka, foleni imefika barabarani. Halafu watu watoke kwenye ile foleni, kwa miguu yao, waje huku." Anamtazama Rozette. "Atatukana sana siku hiyo."

"Nitakutukana mpaka wafu wako waamke," anasema Rozette.

Hapo Lieve anamgeukia mwandishi wa makala haya, aliyedhani amesahauliwa.

"Na wewe. Dengu zangu zilikuwa mbaya kiasi hicho, mpaka ukaniendea nyuma ya hamamu?"

Mwandishi, ambaye shule ya bweni ilimfundisha mambo mawili, Kilatini na njaa, na la pili ndilo lililoshika, aliona hana pa kukimbilia. Akaungama. Kwamba dengu hazikuwa mbaya hata kidogo. Kwamba alikula sahani mbili, na ya tatu akaila kwa niaba ya mpiga filimbi aliyekwenda kujisaidia. Kwamba baada ya hapo bado alivuka barabara, kwa sababu tumbo lililolelewa bwenini halijawahi kuwa na utii kwa milki yoyote. Na kwamba uvimbe uliokuwa kwenye mfuko wa koti lake haukuwa daftari.

Lieve akanyoosha mkono.

"Tende," alisema.

Zilikuwa zimebaki mbili.